Kasri la samadi: Tyntesfield na visiwa vya Chincha

William Gibbs alitajirika kwa mavi ya ndege. Nimeona nilitaje hilo mapema, maana ukisimama mbele ya Tyntesfield, nyumba aliyoijenga kijijini Wraxall nje kidogo ya Bristol, hakuna chochote kitakachokupeleka huko kimawazo. Utaona kuta za mawe ya rangi ya hudhurungi hafifu, minara myembamba, mapaa yaliyosimama wima na kupishana, matao yaliyochongoka juu, na kingo za madirisha zilizonakshiwa majani na maua kwa mkono wa fundi aliyekuwa na muda wa kutosha. Mtu asiyeambiwa atadhani amefika monasteri.

Naishi Bristol, na kwa kuwa nyumba hii iko kilomita 11 hivi tu kutoka mjini, wageni wangu kutoka nyumbani huwa nawapeleka. Ziara iliyonikaa zaidi ni ile niliyokwenda na mama mdogo, mkulima wa machungwa wa Muheza, alipokuja kumwona binti yake aliyejifungua. Mama mdogo ana jicho la mkulima, na akitaka kuuliza jambo huuliza. Maswali yake ya siku ile ndiyo yaliyonisukuma kuisoma historia ya nyumba hii kwa dhati, na ndiyo yaliyonifikisha kwenye msimamo nilio nao mpaka leo: Tyntesfield haieleweki bila visiwa vya Chincha, kule pwani ya Peru, na ziara isiyovitaja visiwa hivyo ni nusu ya ziara.

Kwanza nyumba yenyewe. Mtindo wake ni wa Gothiki, ule wa makanisa makuu ya Ulaya ya Zama za Kati, ambao Waingereza waliufufua katika karne ya 19. Jengo la Bunge mjini London, lililojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1834, ndilo mfano unaojulikana na kila mtu. Kwa wengi wao haukuwa urembo mtupu. Walitazama viwanda, moshi na msongamano wa miji mipya wakaona jamii yao imepoteza kitu, nao wakaamini kwamba kipo kwenye majengo ya mababu waliokuwa wacha Mungu. Tao lililochongoka lilipaswa kuyainua macho, na moyo ufuate.

Gibbs aliinunua Tyntesfield mwaka 1843, wakati huo ikiwa nyumba ya kawaida ya tajiri wa shamba, iliyojengwa mapema katika karne ileile, bila minara wala nakshi. Miaka 20 baadaye alimwita msanifu John Norton. Kati ya 1863 na 1865 Norton aliivisha nyumba ya zamani nyumba mpya: akaongeza ghorofa, akaongeza mabawa mawili, akasimamisha minara. Kazi ilifanywa na kampuni ya ujenzi ya William Cubitt, na gharama yake ilifika pauni 70,000. Ili mtu apate picha ya pesa hiyo, mtumishi wa kike wa ndani enzi zile alilipwa pauni kumi na kitu, au ishirini hivi, kwa mwaka mzima.

Ndani, chumba kinachonishika kila mara ni maktaba. Dari lake halikufunikwa. Maboriti yanaonekana yote, yamepanda na kukutana juu, kwa hiyo mtu anayesoma amekaa chini ya paa linalofanana na la kanisa. Vitabu ni maelfu, migongo ya ngozi, na vingi vinahusu dini, historia na usanifu. Samani na mapambo ya nyumba yalipitia mikononi mwa John Gregory Crace, fundi aliyefanya kazi pia kwenye mapambo ya Bunge la London. Ukiinama ukaangalia mguu wa meza, au komeo la dirisha, utakuta mchongo uleule wa majani uliouona nje kwenye jiwe. Hakuna kona iliyoachwa iende yenyewe. Napenda sana uthabiti huo, na sioni sababu ya kuuficha upendo wangu eti kwa kuwa mwenye nyumba alikuwa tajiri. Mchongaji hakuwa tajiri, na kazi ile ni yake.

Chumba cha biliadi nacho kina mambo. Juu kuna dari la mbao lenye kupitisha mwanga, kutani vichwa vya wanyama, na katikati meza kubwa iliyotiwa mfumo wa joto ili kitambaa chake kisipate unyevu na mipira ikimbie sawasawa. Pembeni kuna kifaa cha umeme cha kuhesabia pointi. Nilimfasiria mama mdogo maelezo hayo naye akasimama.

“Meza ndiyo inayoota moto?”

“Ndiyo, mama mdogo.”

“Na aliyekuwa anakoka huo moto alikuwa anaota wapi?”

Nilicheka, lakini swali lile lilikuwa ndilo lenyewe, na lilikuwa bado linakuja kwa ukubwa wake.

Tulilifikia maktabani. Mzee mmoja wa kujitolea, wale wanaovaa beji na kusimama chumbani kujibu maswali ya wageni, alikuwa anaeleza chanzo cha utajiri wa Gibbs. Nikatafsiri: walikuwa wanauza kinyesi cha ndege kutoka Peru, wakakileta huku kiwe mbolea. Nilitegemea mama mdogo acheke, kama wanavyocheka wageni wengi wakisikia. Hakucheka hata kidogo. Kwa mtu aliyebeba samadi kichwani kuipandisha shambani, hakuna cha kuchekesha hapo. “Samadi ya ndege ina nguvu,” alisema. “Hii ya kuku tu ukiizidisha inaunguza mche. Sasa nani alikuwa anaichota?”

Ili jibu lieleweke inabidi nirudi nyuma, kwa familia ya Gibbs.

William alizaliwa Madrid mwaka 1790. Baba yake, Antony, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa aliyekuwa amefilisika mwaka mmoja kabla, na madeni yale yaliifuata familia kwa miongo. Mwaka 1808 Antony alifungua kampuni London, Antony Gibbs & Sons, akaiacha mikononi mwa wanawe alipofariki mwaka 1815. Wanawe, George Henry na William, walijiwekea nadhiri ya kulipa madeni yote ya marehemu, ingawa sheria haikuwalazimisha, na walikuja kuyamaliza karibu na mwaka 1840. Mtu anayelipa deni la marehemu baba yake kwa zaidi ya miaka 20 si mtu mwepesi. Nalisema hilo kwa heshima kamili, kwa sababu kinachofuata kinatatanisha zaidi ukijua kwamba walioshiriki walikuwa watu wa dhamira namna hiyo.

Kampuni ilikuwa imefungua tawi Lima mara tu baada ya Peru kupata uhuru wake kutoka Hispania. Mwaka 1842 mawakala wake kule walitia saini mkataba wa kuuza gwano, yaani kile kinyesi cha ndege, ya serikali ya Peru. London haikuifurahia habari hiyo mwanzoni. Ilionekana ni biashara ya kubahatisha. Mwaka huohuo George Henry alifariki na William akabaki ndiye mkuu wa kampuni. Katika miaka iliyofuata biashara ile ya kubahatisha ilimfanya awe miongoni mwa Waingereza matajiri kuliko wote wasiokuwa na cheo cha kikabaila.

Gwano ni nini hasa? Pwani ya Peru inapitiwa na mkondo wa maji baridi kutoka kusini, unaoitwa kwa jina la Humboldt, mwanasayansi Mjerumani aliyepeleka sampuli za gwano Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19. Maji yale baridi yana chakula tele, kwa hiyo yana samaki wadogo wa jamii ya dagaa kwa mamilioni, na samaki wale hulisha ndege kwa mamilioni: minandi, mwari na wengineo. Ndege hao hulala na kutaga visiwani. Mkondo uleule wa baridi ndio unaoifanya pwani ile iwe jangwa, mvua karibu hainyeshi, na kinyesi hakioshwi. Kinarundikana mwaka hadi mwaka. Kwenye visiwa vitatu vya Chincha, karibu na mji wa Pisco, rundo lilifika kina cha zaidi ya mita 30 mahali pengine. Ni kilima cha naitrojeni na fosfeti, tayari kupakiwa.

Wenyeji wa Peru waliijua thamani yake karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika, na chini ya dola la Inka ndege wale walilindwa. Uingereza ya miaka ya 1840 iliihitaji kwa sababu nyingine. Miji ya viwanda ilikuwa inakua haraka, vinywa vinaongezeka, na udongo wa mashamba ulikuwa umechoka. Mkulima aliyetia gwano kwenye ngano au tanipu zake aliona tofauti msimu uleule. Viwanda vya mbolea ya naitrojeni kama tunavyovijua leo havikuwapo mpaka karne ya 20. Ndege wa Peru ndio waliokuwa kiwanda.

Tamaa hiyo iligusa hata Afrika. Kwenye kisiwa kidogo cha Ichaboe, pwani ya Namibia ya leo, meli kwa mamia zilijazana mwaka 1844 kugombea gwano, na kufikia 1845 kisiwa kilikuwa kimekwanguliwa mpaka jiwe. Chincha ilidumu zaidi kwa sababu rundo lake lilikuwa kubwa mno. Kampuni ya Gibbs ilikuwa na haki ya kuiuza gwano hiyo Uingereza mpaka mkataba wake ulipokwisha mwaka 1861.

Sasa waliochota.

Mwanzoni walikuwa wafungwa, wanajeshi walioasi wakakamatwa, na watumwa, kwa kuwa utumwa ulikuwa bado halali Peru. Kuanzia mwaka 1849 waliletwa Wachina, waliotiwa saini mikataba ya miaka mingi ambayo wengi hawakuielewa, wengine wakiwa wamedanganywa wanapelekwa kwingine. Kati ya mwaka huo na 1874 Wachina wanaokaribia 100,000 waliingia Peru kwa mtindo huo. Wengi waliishia mashamba ya miwa na pamba ya pwani. Waliopelekwa visiwani walikuwa sehemu ndogo, lakini ndio waliopata sehemu mbaya kuliko zote. Kisiwani hakuna maji ya kunywa, hakuna mti, hakuna kivuli. Kazi ni sururu, chepe na toroli, tani kadhaa kwa mtu mmoja kwa siku, chini ya jua, kwenye vumbi lenye amonia linalochoma macho na kutoa damu puani. Gwano iliteremshwa kutoka juu ya jabali kwa mifereji ya turubai mpaka ndani ya meli iliyotia nanga chini, na watu waliokuwa ngamani kuisawazisha shehena walijifunga pua na mdomo, wakafanya kazi kwa dakika chache kisha wakapanda juu kuvuta hewa. Mabaharia waliopita Chincha waliandika kuhusu Wachina waliojirusha baharini kutoka kwenye majabali yale ili wasiifikie siku ya pili.

Kuna jambo moja kwenye historia hii ambalo sijaweza kulizoea. Mwaka 1854 Rais Ramón Castilla alifuta utumwa Peru, na watu zaidi ya 25,000 wakawa huru. Serikali iliwalipa fidia wamiliki wao, si watumwa, na pesa ya fidia ilitoka kwenye mapato ya gwano. Yaani Mchina aliyefungwa kwa mkataba pale Chincha ndiye aliyechimba bei ya uhuru wa mwenzake, na aliyeipokea ni bwana.

Ni haki niseme pia kwamba kampuni ya Gibbs haikuwaajiri wachimbaji. Visiwa vilikuwa mali ya serikali ya Peru, na uchimbaji ulikabidhiwa mkandarasi wa Peru, Domingo Elías. Gibbs walikuwa wakala wa mauzo: walikopesha serikali, walikodi meli, waliuza, walichukua kamisheni. Wapo wanaoona maelezo hayo yanatosha kumtoa William kwenye lawama. Mimi sioni hivyo. Hali ya visiwani ilikuwa inajulikana London. Magazeti yaliandika, mabalozi waliripoti. Mtu aliyelipa deni la baba yake ambalo hakudaiwa alikuwa na uwezo wa kuuliza swali la mama mdogo. Ingawa aliishi Uingereza, kila tani aliyoiuza ilikuwa imepita kwenye mikono ile.

Yule mzee wa kujitolea, kwa kweli, hakukwepa. Alijibu kwamba walichota watumwa, wafungwa na Wachina, na kwamba hali yao ilikuwa mbaya sana. Nilimtafsiria mama mdogo. Akakaa kimya kidogo, kisha akauliza kama majina yao yameandikwa popote humu ndani. Mzee akatikisa kichwa.

Kutoka hapo tulikwenda kanisani. Tyntesfield ina kanisa lake, limeunganishwa na nyumba, na si chumba cha sala kilichotengwa tu. Ni jengo refu la kupanda juu, lililosanifiwa na Arthur Blomfield kwa kufuata Sainte-Chapelle ya Paris, na lilijengwa kati ya 1872 na 1875. Madirisha ya vioo vya rangi yamepanda karibu urefu wote wa ukuta. Sakafuni ni mawe ya rangi yaliyopangwa kwa michoro. William na mkewe, Blanche, walisali na familia yao na watumishi wote mara mbili kwa siku. Walikuwa wafuasi wa lile vuguvugu la Oxford lililotaka kanisa la Kianglikana lirudishe taratibu za kale: madhabahu yenye heshima, mavazi ya ibada, ekaristi ya mara kwa mara. Gibbs alitoa pesa nyingi kwa makanisa, na kanisa la chuo cha Keble pale Oxford, lililojengwa kuanzia 1873 mpaka 1876, lililipiwa na yeye.

Mama mdogo alipoingia alipiga goti, akafanya ishara ya msalaba, akakaa kwenye benchi bila kuuliza kama inaruhusiwa. Nilielewa. Sisi wa Muheza tumelelewa chini ya misheni ya Magila, kwenye Uanglikana wa uvumba na kengele, na Uanglikana ule ulitufikia kupitia UMCA, misheni ya vyuo vikuu iliyoanzishwa baada ya Livingstone kuhutubia Cambridge mwaka 1857. UMCA ilitoka kwenye mkondo uleule wa kanisa aliokuwamo Gibbs. Miaka ileile ambayo Blomfield anainua kanisa hili, misheni ile ilikuwa inajenga Kanisa la Kristo Mkunazini, Unguja, mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, na Askofu Edward Steere ndiye aliyeusimamia ujenzi ule. Matao yaliyochongoka yako kote kuwili. Sisemi pesa za Gibbs zilijenga Mkunazini. Ninachosema ni kwamba watu wa imani moja, katika muongo mmoja, walijenga upande mmoja juu ya soko la watumwa ili kulifuta, na upande mwingine kwa faida ya visiwa ambako watu waliuawa na kazi. Nimekuwa nikiyaweka mambo haya mawili pamoja kichwani kwa muda mrefu na bado hayajakaa sawa. Labda hayapaswi kukaa sawa.

William hakuliona kanisa lake likikamilika. Alifariki Aprili 1875, na ingawa alitaka kuzikwa humo, haikuwezekana. Kaburi lake liko kwenye kanisa la kijiji, All Saints, Wraxall.

Historia ya familia baada yake naipitia haraka. Mwanawe Antony alirekebisha nyumba, akapanua chumba cha kulia chakula, akatengeneza upya ngazi kuu kwa msanifu Henry Woodyer, akaleta umeme. Mjukuu, George, akawa mbunge na mwaka 1928 akapewa cheo cha Lord Wraxall. Mkewe wa kwanza alikufa mwaka 1920 kwa mafua makali. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1931 akimwacha mke wa pili, Ursula, na watoto wawili wa kiume wadogo kabisa, na mama yule akaishikilia nyumba mpaka alipofariki mwaka 1979, miaka karibu 50. Mnara mkubwa wa saa uliokuwa juu ya mlango ulibomolewa mwaka 1935 kwa sababu mbao zake zilioza. Mtoto mkubwa, Richard, Lord Wraxall wa pili, aliishi peke yake katika vyumba vichache, vingine vikiwa vimefungwa. Hakuoa. Alifariki mwaka 2001.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachoifanya Tyntesfield iwe ya pekee. Mali iligawanywa kwa warithi 19, maana yake iuzwe. Nyumba ingechukuliwa na tajiri mpya, vitu vingepigwa mnada kimoja kimoja. National Trust, shirika linalohifadhi majengo na mandhari, liliomba mchango wa umma, na katika siku kama 100 watu walitoa zaidi ya pauni milioni 8. Mfuko wa taifa wa kumbukumbu ya urithi ukaongeza pauni milioni 17.4, ruzuku kubwa kuliko zote ulizowahi kutoa mpaka wakati huo. Mwaka 2002 nyumba ikanunuliwa na kila kilichokuwamo.

Kila kilichokuwamo, kwelikweli. Familia ile haikutupa kitu kwa vizazi vinne. Wahifadhi walipoanza kuorodhesha, hesabu ilipanda mpaka ikapita 60,000: michoro ya thamani na vyombo vya fedha, ndiyo, lakini pia masanduku ya safari, vitabu vya hadithi vya watoto, mashuka, vyombo vya jikoni, risiti, viatu. Kila kimoja kimepewa namba. Kimepigwa picha, kimeandikwa kinatokana na nini, kina ukubwa gani, kilikutwa chumba gani. Kijiko kilichopinda kina namba. Kikapu cha nguo chafu kina namba. Nimesimama mara nyingi mbele ya kabati la ngazi za watumishi nikitazama vile vibandiko vidogo vya karatasi vilivyofungwa kwa uzi, mwandiko safi wa penseli, na najua fika ni kazi ya mapenzi. Wahifadhi wale nawavulia kofia.

Hapo ndipo swali la mama mdogo linaponirudia. Nyumba moja imetuachia vitu 60,000 na zaidi, mpaka tunajua mtoto fulani alichezea nini. Watu waliochimba mali iliyonunua vitu hivyo hatuna hata orodha yao ya majina. Ukimya huo hautokani na bahati mbaya. Mtu anayehesabiwa kwa tani alizochimba haandikwi jina, kinachoandikwa ni tani. Ndiyo maana nasema ilikuwa bora nyumba hii ihifadhiwe nzima kuliko kutawanywa. Ingeuzwa vipandevipande, risiti ingekwenda kwa mtu mmoja, mchoro kwa mwingine, na uhusiano wa kitu na chanzo chake ungepotea kabisa. Sasa hivi barua za biashara na dirisha la kanisa vinaweza kuwekwa mezani pamoja.

National Trust lenyewe lilichapisha mwaka 2020 ripoti kuhusu nyumba zake zenye uhusiano na ukoloni na utumwa, na kelele zilikuwa nyingi. Walalamikaji walisema watu huenda kwenye nyumba hizi kupumzika, si kuhukumiwa. Mimi nimetembea humo na mkulima wa Muheza aliyejua kuhusu Chincha tangu maktabani, naye alifurahia nyumba mpaka mwisho. Alisifu dari. Aligusa jiwe la nje, lile la jani la mzabibu, akasema fundi huyu alikuwa na subira. Ukweli haukumharibia siku. Ulimpa cha kufikiria.

Alichokipenda kuliko vyote kiko bustanini. Ukishuka mpaka kwenye bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta, karibu yake kuna jengo la matofali na vioo lililojengwa mwaka 1897 kwa ajili ya michungwa. Liliporomoka kwa kutotunzwa, na lilikarabatiwa miaka ya karibuni huku vijana wakifunzwa kazi ya uashi wa mawe hapohapo. Nikamweleza mama mdogo kazi ya jengo lile: huku kuna baridi, kwa hiyo michungwa ilipandwa kwenye vyungu ikafugwa ndani ya vioo.

“Jumba lote hili la michungwa?”

“Lote, mama mdogo.”

Akauliza mavuno. Nikamwambia sidhani kama walitegemea kuyauza. Akaukagua mmoja uliokuwa kwenye chungu, akageuza jani kutazama upande wa chini kama kuna wadudu, akabonyeza udongo kwa kidole gumba. Hukumu yake ilikuwa kwamba mti unamwagiwa maji kupita kiasi.

Gwano haikuisha na Gibbs. Rundo la kale la Chincha lilimalizika miaka ya 1870, na kabla ya hapo Hispania ilishavivamia visiwa hivyo, Aprili 1864, katikati ya ujenzi wa Norton, vita vikapiganwa kwa ajili yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Peru iliamua kuwalinda ndege ili kinyesi kijirundike upya, na mwaka 2009 visiwa vya gwano vilitangazwa hifadhi ya taifa. Mpaka leo serikali huchagua kisiwa kwa zamu, huviacha vingine vipumzike miaka kadhaa, na wafanyakazi, wengi wao kutoka milimani, huenda kuchimba kwa sururu na chepe, maana mashine zingewafukuza ndege. Sasa wanalipwa mshahara, na mbolea inauzwa zaidi kwa wakulima wadogo na wa kilimo hai.

Anayetaka kwenda Tyntesfield kutoka Bristol anaweza kupanda treni mpaka Nailsea and Backwell, kisha apate teksi au atembee kama ana miguu mizuri. Vaa viatu vya matope. Wengi huanza na kanisa kwa kuwa ndilo linalopendeza kwenye picha, lakini ushauri wangu ni kuanza maktabani, na kabla hujauliza lolote kuhusu dari, muulize aliyesimama pale habari za Chincha. Ukiona hajui, mwambie wewe.